Vali Niliyoing'oa

Redio ya Nyanya haikuwa ya kuamka mara moja. Ukizungusha kifundo cha kushoto ulisikia mlio mdogo wa swichi, ukaona taa mbili zikiwaka nyuma ya kioo kilichoandikwa majina ya miji ya mbali, halafu kimya. Nyanya hakubabaika na kimya hicho. Alisogeza sufuria ya chai pembeni mwa jiko, akavuta stuli, akaketi, akaikunja leso mapajani. Ndipo mvumo ulipoanza ndani ya sanduku la mbao, kama nyuki wa mzinga ulio mbali, na sauti ya mtangazaji ikapanda taratibu hadi ikajaa chumba. Niliwahi kuhesabu kwa saa ya mjomba: sekunde 25, na siku za baridi zikafika 30.

Hakuwa nyanya yangu wa damu. Ploti nzima ilimwita hivyo. Alikuwa mjane kutoka upande wa Mwingi, aliyewafulia watu nguo miaka mingi, na redio ile alipewa na familia moja ya kigeni siku walipofunga mizigo kurudi kwao. Vipindi vingi havikumshughulisha. Alichokingoja ni matangazo ya vifo. Aliyekulia katika enzi ya simu za mkononi huenda asijue uzito wake: jina la marehemu, kijiji chake, majina ya watoto na wakwe, walioko Nairobi na walioko Mombasa, siku ya mazishi. Barua ilichukua wiki. Redio ya taifa, Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilirudia jina lake la zamani la KBC, ilifika siku ileile. Mtu wa Mukuru, mtaa wetu wa Nairobi, aliupata msiba wa kwao redioni, akakimbilia stendi ya mabasi ya mashambani na nguo zilezile alizovaa.

Redio ya Nyanya ndiyo ninayotaka kuisimulia, hasa kipande kimoja cha kioo kilichokuwa ndani yake, chenye urefu wa kidole, kwa sababu mimi ndiye niliyeking'oa.

Nilifika Mukuru kwa Reuben mwaka 1984 nikiwa na miaka 14, nimeshuka kwenye basi la usiku na sanduku la bati kichwani, nikakabidhiwa kwa ndugu ya mama. Kwa Reuben ya wakati huo ilikuwa mabati, matope na moshi wa viwanda. Kabla jua halijachomoza watu walitoka kwa misafara kwenda Enterprise Road na Lunga Lunga Road, kwa miguu, na jioni wakarudi wakifuata reli. Mjomba alikuwa mmoja wao. Kiwandani alifanya zamu. Saa zilizobaki alikuwa fundi wa redio. Ufundi huo aliupata mjini miaka ya 1960, katika duka alilokuwa akifagia na kubeba mizigo, mpaka siku mwenye duka alipomtia chuma cha kulehemu mkononi na kumwambia ajaribu.

Stima majumbani haikuwapo. Kibanda chetu kilivuta waya kutoka kwa mchomeleaji wa mageti aliyekuwa karibu na barabara, na Nyanya, ambaye chumba chake kilipakana na kibanda, alilipia balbu moja na redio yake. Kila mchomeleaji alipogusisha fimbo kwenye chuma, balbu zetu zilififia zikawa na rangi ya chai ya rangi. Redio ndogo za transista zilizochomekwa kwenye waya ule hazikudumu. Ya Nyanya iliinama kidogo, sauti ikashuka, kisha ikainuka tena, kama mtu aliyempisha mwenzake mlangoni. Mjomba alipenda sana kunionyesha hilo. Alisimama katikati ya kazi, akainua kidole, akasema, "Sikiliza inavyovumilia."

Kuhusu vali, vile vioo vinavyopashwa moto ndani ya redio, nilikuwa sijui alifu kwa kijiti. Alinifundisha usiku, kwa mwanga wa karabai, vali zikiwa zimepangwa juu ya gazeti. Zile za Ulaya zilibeba maana yake kwenye jina. Herufi ya kwanza ilikuambia umeme wa kuipashia moto: A ni volti 4, G ni volti 5, E ni volti 6.3. Ya pili ilikuambia kazi yake, na Z maana yake ni vali ya kunyoosha umeme, inayoshika nusu zote mbili za wimbi. Tarakimu zilitaja soketi: zilizoanza na 8 zilikaa kwenye soketi ndogo ya pini 9, zilizoanza na 3 kwenye soketi kubwa ya pini 8. Kwa hiyo EZ80 ilikuwa nyembamba, ya redio za nyumbani. GZ34 ilikuwa pana, yenye mabega, ya amplifaya za watu wenye makelele makubwa.

Stima ya ukutani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na redio haiwezi kuutumia umeme wa namna hiyo mpaka unyooshwe uende upande mmoja. Mjomba alinieleza kwa vali ya tyubu ya baiskeli: upepo unaingia, hautoki. Ndani ya kioo mna kathodi inayopashwa moto hadi itoe elektroni, na anodi inayozipokea. Anodi yenyewe ni baridi ikilinganishwa na mwenzake, haina cha kutoa, basi njia ya kurudi haipo. John Ambrose Fleming aliomba hataza ya kifaa cha jinsi hiyo Uingereza mwaka 1904, alipokuwa akitafuta namna ya kunasa mawimbi ya telegrafu isiyo na waya, na vali zote nyingine zimezaliwa baada yake. Ajabu ni kwamba hii iliyo kongwe ndiyo ambayo hakuna aliyeisifu. Vali nyingine zilipokea wimbo, zikaukuza, zikaupeleka kwenye spika. Hii haikugusa wimbo hata kidogo. Ililisha nyingine tu. Mjomba aliiita mpishi.

Mpishi huyo alihitaji joto, na joto halina njia ya mkato. Zile sekunde 25 za Nyanya zilikuwa zake.

Mwezi wa Mei 1990 redio ikaanza kunong'ona. Nyanya aliileta mwenyewe, ameibeba kifuani kama mtoto, akaiweka juu ya meza ya kazi. Mjomba alikuwa zamu ya usiku na mchana ule alikuwa amelala. Niliipima. Baada ya vali ya kunyoosha, mahali ambapo mita ilipaswa kusoma karibu volti 250, ilisoma 170. EZ80 ilikuwa imechoka, kathodi yake imekauka baada ya miaka ya kazi.

"Itapona, mjukuu wangu?"

"Itapona leo hii, nyanya."

Ningeweza kumwamsha mjomba. Ningeweza kungoja jioni, achungulie kasha lake. Nilikuwa na miaka 20 na mfukoni nilikuwa na dayodi za kunyoosha umeme nilizonunua Luthuli Avenue, 1N4007, vijiti vyeusi vyenye mstari mweupe, kila kimoja saizi ya punje ya mchele na bei isiyofika ya soda. Kila kimoja kinastahimili volti 1000. Nililehemu viwili chini ya soketi, kutoka pini ya 1 na pini ya 7 kwenda pini ya 3, nikaing'oa EZ80 na kuitupa kwenye debe la taka. Redio ikasema kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuisikia. Nyanya akapiga makofi. Alisema imefunguka ulimi.

Jioni mjomba aliigeuza, akatazama chini ya chasisi kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akasema polepole, "Umeleta mpishi anayepakua chakula kabla wageni hawajaketi. Weka rezista ya kupunguza makali. Leo."

Nikamjibu sawa. Siku ile ilikuwa imeshaisha. Kesho yake ikaja kaseti ya mtu aliyelipa nusu, keshokutwa nikatumwa mjini. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Redio ilikuwa inaimba. Mwenye redio hakulalamika.

Hesabu yake naijua sasa, na nimeirudia mara nyingi kuliko inavyonifaa. Transfoma ya redio ile ilitoa volti 250 kila upande, na kilele cha wimbi la volti 250 ni volti 353. Kapasita zake ziliandikwa 350. Kwa vali hilo halikuwa tatizo, kwa sababu EZ80 ilipanda taratibu huku vali nyingine nazo zikipata joto na kuanza kula, na yenyewe ilipoteza volti kadhaa njiani. Kapasita haikuwahi kukiona kilele. Dayodi hupoteza volti isiyofika 1, na haingoji mtu. Papo hapo kilele chote kinafika mezani, na hakuna aliye tayari kula. Halafu ongeza Mukuru yenyewe. Mchana viwanda vinavuta umeme na laini inashuka. Jumapili usiku mitambo imezimwa, laini inapanda. Nimewahi kusoma 260 kwenye waya uliopaswa kuwa na 240. Ukiibeba tofauti hiyo hadi ndani ya redio, kilele kinakuwa 382.

Ilikuwa Jumapili usiku. Tulisikia mlio kama wa chupa, kisha Nyanya akiita. Tulipoingia chumba kilikuwa kimejaa moshi mweupe wenye harufu kali, na yeye alikuwa ameuvuta waya kwa leso iliyokunjwa mkononi. Kapasita ilikuwa imepasuka na kushikanisha umeme, transfoma ikaungua kabla hatujafika. Mbao upande wa nyuma zilibaki na doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Mjomba hakunitazama. Alimwambia Nyanya kwamba transfoma itafungwa upya, ila itachukua muda, na fundi wa kazi hiyo anataka pesa mbele.

Jumanne ya wiki hiyo kaka yake Nyanya alitangazwa. Jina lake lilisomwa, na kijiji, na yeye mwenyewe akatajwa kama dada wa marehemu aliye Nairobi. Alizikwa Jumamosi. Habari zilimfikia Jumatatu iliyofuata, kupitia kwa kondakta wa basi aliyetoka upande wa kwao na kumpa pole akidhani ndio kwanza anarudi. Alikwenda hata hivyo. Alikuta udongo wa kaburi umekauka na wageni wameondoka, ndugu zake wakimwuliza kwa nini hakuja, na yeye akawajibu kwamba hakusikia.

Aliporudi nilimwendea. Nilikuwa nimepanga maneno. Akanitangulia. "Mjukuu wangu, usijisumbue. Redio ilikuwa imezeeka." Aliamini hivyo kwa moyo wake wote, na mimi sikumwambia ukweli, siku ile wala baadaye. Alifariki bila kujua kwamba redio yake haikuzeeka, ilikuwa na kipande kimoja kilichochoka, na kwamba rezista ya bei ya mandazi mawili ingeilinda.

Redio yenyewe aliwapa watu wa malimali waliopita na vyombo vyao vya plastiki. Akapata beseni la bluu na vikombe viwili.

Mwaka 1995 mjomba alirudi nyumbani, kifua kikiwa kimechoka kwa vumbi la kiwandani. Kibanda aliniachia, na kasha la majani chai lililojaa vali zilizofungwa moja moja kwa kurasa za gazeti la Taifa Leo. Alinipa agizo moja tu juu ya kasha hilo: nisiziuze kwa kilo. Kulikuwa na za redio nyingi, EZ80 na EZ81, jicho la kijani la kuonyesha stesheni imekamatwa, na chini kabisa GZ34 nne. Hizo nne alizitoa kwenye amplifaya za gitaa za Kiingereza, Vox AC30, ambazo bendi ya mjini ilizichakaza ikamletea vipande kama malipo ya deni. Nairobi ya ujana wake ilikuwa jiji la muziki wa vali. Fundi Konde, miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kabisa kurekodi na gitaa la umeme, Fadhili William, Daudi Kabaka na wenzao wa Equator Sound, wote walipigia vyombo vilivyopashwa moto kabla ya kutoa sauti. Mjomba hakuwafahamu. Aliwasikia tu kupitia redio alizotengeneza, na aliziweka zile vali nne kama mtu anayeweka risiti ya deni la heshima.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliingia kibandani. Mto Ngong ulifurika, tukahamisha vitu usiku, na kasha likalowa. Nilikuwa na mke, mtoto mchanga, na wateja waliotaka redio kaseti na televisheni. Vali zilikuwa vitu vya watu waliokufa. Niliita mtu wa skrepa. Alichukua transfoma kwa ajili ya shaba, akachukua chasisi za aluminiamu, akalisukuma kasha kwa mguu. Kioo hakina uzito, alisema.

Basi agizo la mjomba nililishika kwa namna mbaya kuliko zote. Sikuziuza kwa kilo. Niliwaachia watoto. Walizipeleka kwenye ukuta ulio karibu na reli wakazirusha, kwa sababu vali ikipasuka hutoa mlio wa kipekee: ndani hamna hewa, hewa ya nje inaingia kwa kishindo. Niliisikia milio ile mchana mzima nikiwa nalehemu kaseti ya mtu. Kabla ya kuwapa kasha nilikuwa nimeshika GZ34 moja na kuigeuza kwenye mwanga. Karibu na kitako, kwenye kioo, palikuwa na maandishi ya kijivu yaliyochomwa, hafifu sana: mstari wa juu f31, wa chini ukianza na herufi B. Nilijiuliza B ni nini. Kisha nikaiweka pamoja na wenzake.

B ni Blackburn, mji wa Lancashire ulikokuwa na kiwanda cha Mullard. Tarakimu inayoifuata ni mwaka wa kutengenezwa. Hayo niliyajua mwaka 2023, nikiwa na miaka 53, nimeketi kwenye kiti cha ngozi katika nyumba ya bwana mmoja anayekusanya vyombo vya muziki vya zamani upande wa pili wa jiji. Alikuwa ametafuta mtu anayejua vali, akazungushwa Luthuli Avenue yote, mpaka mzee mmoja wa duka la spea akamwambia kuna fundi Mukuru. Amplifaya yake ilikuwa ikivuma. Kapasita ilikuwa imekauka, kazi ya nusu saa. Lakini nilipofungua kifuniko niliona GZ34 imesimama pale, na chini yake yale maandishi ya kijivu.

"Fundi, hiyo usiiguse kwa vidole vitupu," akasema. Kisha akanitajia bei. Huko nje watu hulipa dola 200 na zaidi kwa moja iliyo nzima. Kwangu hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi 7. Nilikuwa nazo nne.

Si pesa iliyoniuma zaidi, ingawa sitasema haikuuma. Aliwasha, tukangoja. Alikuwa na santuri ya Daudi Kabaka, yenye mikwaruzo, na gitaa lilipoingia nilijikuta nimeinua kidole kama mjomba. Wapo wanaosema kwamba masikio ya matajiri hudanganywa na bei, kwamba dayodi na vali za kunyoosha hutoa umeme uleule na wimbo haupiti humo. Mimi nitasema nilichopima. Bwana yule alikuwa na vali nyingine, 5U4G ya Kimarekani, na transfoma yake ilikuwa na nguvu ya kuimudu. Hili ni muhimu, maana 5U4G hutaka ampea 3 za kuipasha moto ambapo GZ34 hutaka 1.9, na transfoma isiyo na nafasi hiyo itaungua. Mtu asibadilishe ovyo kama nilivyobadilisha mimi. Kwa mkondo wa miliampea 225, GZ34 hupoteza ndani yake karibu volti 17, na 5U4G karibu 44. Maana yake ni kwamba wimbo ukivuta ghafla, besi ikapiga, umeme unashuka kidogo kisha unarudi, na unashuka zaidi kwa 5U4G. Nilisikia noti ikiinama na kuinuka. Nikamkumbuka mchomeleaji na fimbo yake, na redio ya Nyanya ikimpisha. Nililijua jambo lile tangu utoto; sikujua tu kwamba kuna watu wanalitafuta na kulilipia.

Vali mpya bado zinatengenezwa, Slovakia, Urusi na China. Mwaka 2022 Urusi ilipozuia bidhaa zake kwa muda, wanunuzi wa ng'ambo walihaha. Bwana yule ananiambia mpya hazidumu kama za Blackburn. Siwezi kumbishia, nimezishika mpya mbili tu.

Kibanda changu leo hakiko palepale. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na barabara zilipokuja nilirudi nyuma hatua kadhaa pamoja na majirani. Kazi yangu kubwa ni sabufa. Mtu anachomeka, inapiga papo hapo, ploti nzima inajua ana sabufa. Ndani mna dayodi nne na transfoma nyepesi, na ikiharibika mara nyingi nashauri anunue nyingine, kwa kuwa gharama ya kuitengeneza inakaribia bei yake. Nawalaumu? Hapana. Nalehemu dayodi kila siku. Ila kila ninapobadilisha kitu ambacho mtu mwingine alikifikiria kwa makini, siku hizi naketi kwanza, nauliza kilikuwa kikizuia nini.

Mwaka jana, kwa mtu wa skrepa karibu na mahali paitwapo Simba Cool, niliona kona ya sanduku la mbao chini ya fremu za baiskeli. Redio ya Kijerumani. Haikuwa ya Nyanya. Niliigeuza haraka kutafuta doa jeusi na halikuwapo. Nililipa alichotaka. Nyumbani nilifungua nyuma, nikainua chasisi, na chini ya soketi ya pini 9 nikakuta dayodi mbili, kutoka pini ya 1 na ya 7 kwenda pini ya 3. Lehemu ilikuwa nene na ya haraka. Sikumbuki redio hiyo. Zilipita nyingi mikononi mwangu miaka ile, na sikuwa fundi pekee mwenye haraka.

Ilinichukua miezi minne. Kapasita nilizibadilisha zote. Transfoma ilikuwa nzima, kwa rehema tu. EZ80 nilipewa na yule bwana, akakataa malipo. Hizo bado hazijawa ghali. Dayodi nilizitoa kwa mikono yangu, nikafuta lehemu ya zamani hadi pini zikang'aa. Binti wa jirani anayejifunza kazi kwangu alikuwepo siku ya kuwasha. Nikazungusha kifundo. Taa mbili zikawaka nyuma ya kioo. Kimya.

"Imekataa, fundi?"

"Vuta stuli," nikamwambia.

Masafa ya kati yalinipa mkwaruzo mtupu, taa na chaja za ploti zimeyajaza. Nikahamia FM. Redio za zamani za Kijerumani huishia megahezi 100, kwa hiyo vituo vingi vya mjini haviwezi kuvifikia. Mshale niliusukuma hadi mwisho kabisa wa kioo, na hapo, kabla ya kugonga ubao, ikaingia 99.9, Ruben FM, inayorusha matangazo kutoka mtaani kwetu. Sauti ilipanda taratibu. Kijana wa studio alikuwa akisoma matangazo: mtoto wa kiume wa miaka minne hivi, sweta nyekundu, anajua jina la mama yake peke yake, amepatikana kando ya reli, aliyempoteza aje amchukue.